Vyuo Vitatu vya Zuhura

Vijana wangu, majibu ya vyuo yakitoka, barazani kwangu hapa Ng'ambo, Tabora, hujaa watu kuliko ofisi ya mtaa. Mnakuja na simu zenu za vioo vilivyopasuka, hamjamaliza hata kusema shikamoo. "Bibi, nimechaguliwa viwili." "Bibi, nimechaguliwa vitatu, niende kipi?" Mnaniuliza mimi, mwanamke niliyekula ujana wangu wote kwenye vumbi la kuchimba visima.

Sababu naijua. Mmesikia habari za Zuhura, binti wa Fundi Hamisi seremala, na mmeambiwa kwamba mimi ndiye niliyemchagulia chuo. Si kweli. Ningemchagulia mimi, leo angekuwa amevaa buti na kofia ngumu, anagombana na injini ya mtambo huko porini. Basi kaeni niwaeleze ilivyokuwa. Nitachanganya na mambo ya kazi yangu, mnivumilie, sijui kusimulia nikiwa nimenyooka.

Kwetu ni Ipole, huko njia ya Sikonge, kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki. Nilipomaliza shule nami nilipata nafasi mbili. Moja ya ualimu, moja ya mafunzo ya ufundi wa maji. Ukoo mzima ukasema ualimu. Mchungaji akasema ualimu. Hata jirani ambaye hatukuwa tunasalimiana naye akaja kusema ualimu. Lakini mimi nilikuwa nimewahi kuona mtambo ukichimba kisima karibu na kanisa letu. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka wakazima injini, na nilipofika nyumbani mama hakunitambua kwa lile vumbi jeupe. Ualimu nilikuwa nimeuona kila siku ya maisha yangu na haukuwahi kunifanya nisahau kula. Nikaenda kwenye maji.

Siku yangu ya kwanza kazini, mafundi wakanikabidhi sufuria. Kambi nzima wanaume, wakaona Mungu amewaletea mpishi. Sikubishana. Nikasonga ugali nusu mbichi, nikapika maharage yenye mawe. Kesho yake sufuria ikapewa mtu mwingine, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena habari za jikoni.

Mkuu wa mtambo alikuwa Mzee Makoye, Msukuma mmoja mrefu mwenye sauti ndogo. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha kwa kunikataza kugusa chochote.

"Kaa pale usikilize," aliniambia.

"Nisikilize nini, mzee?"

"Mashine. Ikitoka kwenye udongo ikaingia kwenye mwamba, inabadili sauti. Ikikaribia maji, inabadili tena. Siku utakayoniambia kabla mimi sijakuambia, ndiyo siku utakayoshika mtambo."

Nilikaa nikasikiliza masika na kiangazi. Nilidhani ananionea. Kumbe alikuwa anataka kujua kama nitaondoka. Vijana wawili walioanza pamoja nami waliondoka. Mimi nilibaki, na siku moja huko Nzega nikainua mkono nikasema, "Mzee, mwamba." Akaniangalia, akasogea pembeni, akaniachia nafasi yake. Hakunipongeza. Alikwenda kulala chini ya lori.

Siku hizi kuna vipimo. Wanatandaza waya ardhini, wanasoma namba kwenye kompyuta, wanajua mwamba umepasuka wapi. Enzi zetu tulitazama mteremko, miti, vichuguu, tukauliza wazee misafara ya zamani ilikuwa ikipumzika wapi, maana hakuna mpagazi aliyetua mzigo mahali pasipo na maji. Vipimo ni bora, sitawadanganya. Vimepunguza sana visima vikavu.

Kisima kikavu ninachokikumbuka kuliko vyote tulikitoboa kwenye kijiji kimoja upande wa Bukene. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kisima kiwe mbele ya nyumba yake, wageni wakishuka tu wakione. Mzee Makoye alimwambia pale ni juu mno, maji yako kule bondeni kwenye njia ya ng'ombe. Mwenyekiti akasema serikali ya kijiji imeshaamua. Tukatoboa. Vumbi. Tukasogea hatua chache, tukatoboa tena. Vumbi. Nyumba yote ya mwenyekiti ikawa nyeupe, pamoja na kuku. Mwisho tukahamia bondeni, maji yakatoka mchana uleule. Tulipoondoka tulimpita mwenyekiti ameshika ndoo yake, anateremka kama wengine. Mzee Makoye alipunga mkono kwa adabu kabisa. Tulicheka mpaka Nzega.

Nawaeleza hili kwa sababu nimewaona wazazi wengi wanaotaka chuo cha mtoto kiwe mbele ya nyumba, wapita njia wakione. Fundi Hamisi alikuwa mmoja wao, na ni mtu mwema, namheshimu. Sasa tuje kwake.

Karakana ya Fundi Hamisi iko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anatengeneza vitanda, milango na makabati. Zuhura ndiye mtoto wake wa kwanza, na alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kumaliza kidato cha sita. Alisoma fizikia, kemia na baiolojia. Alama zake zilikuwa nzuri, ila za udaktari hazikufika. Akaomba vyuo, na mwaka huo akapata vitatu.

Cha kwanza kilikuwa chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya utawala wa biashara. Hicho kilikuwa cha baba yake. Cha pili kilikuwa chuo cha maji, diploma. Hicho kilikuwa changu, mimi ndiye niliyemsukuma aombe, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kila akipita, "Wewe una kichwa cha mtambo." Cha tatu kilikuwa chuo kidogo cha hospitali moja ya misheni, safari ya nusu siku kutoka hapa, diploma ya maabara. Hicho alikiomba mwenyewe, na hakuna mtu aliyekitilia maanani.

Msikitini Fundi Hamisi alishatangaza kwamba binti anakwenda chuo kikuu. Watu wakampa mkono. Kilichobaki ilikuwa ni kuthibitisha, ule ujumbe wenye namba ambao mnaujua nyote, unautuma kuonyesha kwamba hapa ndipo umepachagua. Ujumbe uliingia kwenye simu ya baba, kwa sababu Zuhura hakuwa na simu yake alipokuwa akiomba. Fundi Hamisi akawa anatembea na ile simu kwenye mfuko wa shati, akiigusa kila mara kama mtu mwenye tikiti ya treni.

Jioni moja Zuhura akaja kwangu. Akakaa pale kwenye ngazi, akawa anachora chini kwa kijiti.

"Bibi Nyamizi, baba anataka kuuza mashine ya randa."

"Ya nini?"

"Ada ya mwaka wa kwanza, na chumba. Mkopo majina hayajatoka. Tunatakiwa kuthibitisha sasa, mkopo tutaujua baadaye."

Nilijua mashine hiyo ni nini kwa baba yake. Bila randa, fundi anarudi kusukuma kwa mkono, kitanda cha siku moja kinachukua wiki. Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia, "Basi njoo kwenye maji. Ada ni ndogo, kazi ipo. Wewe hujawahi hata kuuona mtambo. Maganga anachimba Ipole wiki hii. Twende ukaone."

Maganga ni kijana niliyemfundisha mimi, naye sasa ni mkuu wa mtambo. Tulipanda basi la asubuhi. Kijijini wakinamama walitupokea kwa "Mwangaluka!" na mimi nikajibu kwa sauti ya nyumbani, moyo wangu mwepesi. Maganga akaruka kutoka juu ya lori.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenenepa? Mtambo unaendeshwa na nani?"

Akacheka, akampa Zuhura kofia na vitambaa vya kuziba masikio. Mashine ikawashwa. Vumbi likapanda kama enzi zangu. Saa zikapita, jua likawa kali, wanakijiji wakawa wanakuja na kuondoka. Mchana nikasikia sauti ikibadilika, nikamgusa Zuhura bega, nikamwonyesha kwa kidole: hapo, hapo. Na kweli, haukupita muda maji yakaruka juu, kwanza tope, kisha meupe kama maziwa, kisha maji safi. Vigelegele! Kuna bibi mmoja alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Mimi machozi yalinitoka, nimechimba visima maisha yote na bado hunitoka. Nikageuka kumtazama Zuhura, nione uso wake.

Hakuwepo. Alikuwa amechuchumaa pembeni, kwenye sanduku la chupa.

"Kaka Maganga, chupa hizi ni za nini?"

"Sampuli. Maji yakisafika tunajaza, tunapeleka maabara."

"Wanatazama nini?"

"Madini, chumvi, vijidudu. Kuna sehemu maji ni mazuri kwa macho lakini yanawaharibia watoto meno."

"Na wakisema hayafai?"

"Tunaziba."

"Hata kama mmechimba siku nzima?"

"Hata kama tumechimba wiki nzima, dada yangu."

Zuhura akainua chupa moja, akaielekeza juani kuitazama. "Kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni yule wa maabara."

Maganga akacheka sana. Mimi sikucheka. Nilihisi kitu kinaniponyoka mkononi.

Tukiwa kwenye basi tunarudi, alikuwa akitazama nje mpaka tukapita Sikonge. Halafu akasema, "Bibi, usinikasirikie."

"Nikukasirikie kwa lipi?"

"Kazi yako nimependa kuitazama. Kuifanya sitaki. Shuleni tulikuwa na hadubini moja tu. Siku mwalimu aliponiruhusu, nikatazama kitone cha maji ya bwawa. Kulikuwa na mji mzima mle ndani, bibi. Kengele ya chakula ililia nikaisikia kwa mbali tu. Tangu siku ile najua ninachokitaka. Nilikuwa naona aibu kukisema, kwa sababu baba anataka Dar na wewe unataka mtambo."

Sitawaficha, niliumia. Niliikazia macho barabara kwa hasira mpaka tukaanza kuziona taa za Tabora. Kisha nikajiuliza, mimi mwenyewe niliacha ualimu kwa nini? Nikamwambia, "Sawa. Lakini kupenda peke yake hakutoshi. Kapime. Usichague kitu ambacho hujakiuliza maswali."

Na hapo ndipo mnatakiwa mnisikilize kwa makini, kwa sababu maswali aliyouliza yule msichana sikumfundisha mimi. Aliazima simu ya mama yake, akatafuta watu waliosoma kwenye vyuo vyote vitatu na kumaliza karibuni. Hakuwatafuta walimu wala wale wanaobandika matangazo. Aliwauliza wa Dar wanalala wapi. Wakamwambia mabweni hayatoshi, wengi wanapanga nje, chumba kimoja watu wanne, na nauli ya kila siku inakula pesa kuliko chakula. Aliwauliza wa chuo cha maji wanafanya mazoezi wapi, wakamweleza vizuri, wakamsifia chuo. Wa chuo cha misheni aliwauliza swali moja ambalo lilinifanya nimheshimu.

"Hadubini moja mnatumia watu wangapi?"

"Wawili," yule dada alimjibu. "Siku mbaya watatu. Lakini jiandae, walimu ni wakali, na ukifeli unarudia. Hawambembelezi mtu."

Halafu akaniomba nimsindikize akakione. Hatukwenda siku ya wazazi wala ya sherehe, tulikwenda siku ya kawaida, hakuna aliyetutarajia. Chuo ambacho ni kizuri siku isiyo na wageni ni kizuri kweli. Yeye alikwenda kusoma matokeo yaliyobandikwa ukutani, aone wangapi wanafaulu na wangapi wanarudia. Aliuliza kama kimesajiliwa, akaonyeshwa cheti. Aliwaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanatoka wodini na vibomba vya damu, wanatembea haraka. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye bomba la jikoni, nikafungua, nikanusa, nikaonja. Mpishi akaniuliza kama nimepotea. Maji yalikuwa safi.

Bweni na chakula vilikuwa ndani ya ada, na ada ile Fundi Hamisi angeweza kuilipa kwa awamu kutokana na vitanda vyake, bila kuuza kitu. Lakini bado tulikuwa hatujamwambia.

Tulikwenda karakanani siku iliyofuata, asubuhi, siku moja kabla mlango wa kuthibitisha haujafungwa. Niliingia naye kwa sababu aliniomba, lakini alinionya, "Bibi, nitasema mwenyewe."

Akasema. Fundi Hamisi aliweka chini patasi. Vijana wa karakana wakaacha kupiga misumari.

"Chuo kikuu kimekupa nafasi," alisema taratibu, "na wewe unataka kwenda kuchungulia mikojo ya watu?"

"Ndiyo, baba. Na damu, na makohozi, na kinyesi."

Kijana mmoja akacheka, akaona uso wa fundi, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Mama Nyamizi, umemfanya nini mtoto wangu?"

"Mimi nilimtaka kwenye visima, Baba Zuhura. Amenikataa na mimi. Tuko sawa."

Fundi Hamisi akakaa juu ya ubao. Kisha akatueleza jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema. Miaka ya nyuma alipata kazi ya kutengeneza vitanda vya bweni la wasichana, huko chuo kikuu, na akaenda mwenyewe kuvifunga. Akawaona mabinti wanaingia na mabegi, wanachagua kitanda cha juu au cha chini, wanacheka. Zuhura alikuwa bado anabebwa mgongoni. "Nilifunga vile vitanda," akasema, "nikamwomba Mungu. Nikasema, na wangu siku moja aje alale hapa. Chuo kikuu. Nikisema maabara ya misheni, nani ataelewa?"

Zuhura alikwenda akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Baba, ukiuza randa nitalipiwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili utauza nini?"

"Mungu atafungua. Na mkopo unaweza kutoka."

"Unaweza kutoka, na unaweza usitoke. Ukitoka, nitasoma miaka mitatu kitu ambacho sikipendi. Usipotoka, nitarudi katikati, na randa itakuwa imeshakwenda. Wadogo zangu watakula nini?"

"Na diploma ni nini? Watu watasema umefeli."

"Wataongea wiki moja. Mimi kazi nitaifanya miaka thelathini."

Mzee akafikicha macho. "Ukimaliza hiyo diploma, ndiyo basi?"

"Nitafanya kazi, halafu nitasoma shahada ya maabara kwa mshahara wangu mwenyewe."

"Unaniahidi?"

"Sikuahidi, baba. Nimeazimia."

Vijana wangu, nimeona miamba ikipasuka, lakini sijapata kuona mtu mzima akibadilika usoni namna ile. Fundi Hamisi alitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza ya kazi, kwenye vumbi la mbao.

"Ujumbe huo hapo. Fanya unavyoona. Mkono wangu hauwezi kuutuma wala kuufuta."

Zuhura hakuigusa. Aliuacha muda upite, mlango wa Dar ukafungwa, basi; chuo cha misheni hakikutaka ujumbe, kuripoti tu. Siku mbili zilizofuata baba yake hakutoka karakanani. Alikuwa anapiga randa tangu asubuhi mpaka jua linazama, na hatukujua anatengeneza nini, kwa sababu alifunga mlango wa nyuma. Siku ya tatu akalitoa nje: sanduku la mninga la bwenini, lina kufuli, lina trei ndani, limepigwa msasa mpaka linang'aa. Zito ajabu. Kondakta wa basi aliita wenzake wawili kulipandisha, akauliza kama kuna maiti ndani. Fundi Hamisi akajibu, "Kuna mtaalamu wa maabara," akageuka akaenda zake kabla basi halijaondoka.

Sasa mngependa niseme mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mwaka wa kwanza Zuhura alifeli somo moja, lile la kemia ya mwili. Alirudi likizo amekonda, hasemi. Mtaani wakaanza: si tulisema, angekwenda Dar. Binti wa jirani yetu, ambaye alichaguliwa chuo kilekile cha Dar mwaka uleule, yeye alipata mkopo, akasoma biashara kwa raha zake, na sasa ni mhasibu Nzega na anajenga. Nalisema hili ili msije mkatoka hapa mkisema bibi anadharau chuo kikuu. Yule alikuwa anapenda hesabu za pesa tangu utoto. Alikuwa anauza ubuyu shuleni na anajua nani anadaiwa. Alikwenda panapomfaa.

Nilimfuata Zuhura uani kwao, nikamkuta amefungua daftari juu ya mapaja.

"Utaacha?" nikamuuliza.

"Bibi, nilikijua kuwa ni kigumu kabla sijakwenda. Yule dada aliniambia kwenye simu. Nitarudia mtihani."

"Ukifeli tena?"

"Nitarudia tena."

Akawa anakwenda karakanani kila siku kusoma kwa sauti, baba yake anapiga randa. Mzee hakuelewa neno hata moja, ila alikuwa na njia yake. Akimwona anababaika anasema, "Hapo hujakaza. Rudia." Mpaka vijana wa karakana wakajua majina ya vimeng'enya. Mtihani wa marudio akaufaulu, na tangu hapo hakufeli kitu.

Alimaliza. Akajitolea muda mrefu bila mshahara wa maana, hilo nalo mlijue, siku hizi ajira haikungoji mlangoni. Halafu akapata nafasi kwenye kituo kimoja cha afya huko kwetu wilaya ya Sikonge. Shahada bado hajaanza. Ukimuuliza anakwambia mwakani, na mimi namwamini, kwa sababu ameshaanza kuweka akiba na ameshauliza vyuo viwili hadubini zao.

Mwezi uliopita nilikuwa Ipole kuwaona ndugu zangu, nikaugua. Mwili mzito, kiu, macho yana ukungu. Nikajua ni malaria yangu, tunajuana tangu zamani. Wakanipeleka kituo cha afya, na maabara nikamkuta Zuhura amevaa koti jeupe. Nikapita mbele ya watu nikiwa na furaha.

"Bibi, shikamoo. Foleni inaanzia kule."

"Mimi?"

"Wewe, bibi. Wote wanaumwa."

Nikakaa foleni. Zamu yangu ikafika, akanitoboa kidole bila kunionea huruma, akaniambia nisubiri. Nikamwambia asijisumbue, aandike malaria nikachukue dawa. Aliniangalia kama Mzee Makoye.

Baadaye akaniita ndani. "Hakuna malaria."

"Zuhura, mimi naijua malaria tangu mama yako hajazaliwa."

"Njoo utazame mwenyewe."

Akaniinamisha kwenye hadubini, akazungusha mpaka nikaona chembe za damu yangu, viduara vya waridi, vingi, vimetulia.

"Sioni kitu," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Hakuna kitu. Tatizo lako ni sukari, nimeipima mara mbili. Nenda kwa daktari, na usipite dukani kununua dawa ya malaria."

Nilitaka kubishana. Nikachukua karatasi yangu nikaenda kwa daktari, naye akasema yaleyale. Kwa hiyo chai mnayoona nakunywa hapa ni ya rangi, haina hata chembe ya sukari, na ni chungu, sitawadanganya. Lakini kiu imeisha, ukungu machoni umetoka, na nimepata nafuu kwa sababu kuna msichana mmoja aliyekataa kukubaliana nami kwa mara ya pili.